Panya wangu hawaugui MS

Kila siku tunampa panya mgonjwa namba ya ukali wa ugonjwa wake. Sifuri ni panya mzima. Moja ni mkia uliolegea. Mbili, miguu ya nyuma haina nguvu, anatembea akiyumba. Tatu, miguu ya nyuma imepooza kabisa na anajivuta kwa ile ya mbele. Nne, kupooza kumefika mbele. Tano ni panya mahututi au aliyekwisha kufa. Kati ya namba na namba kuna nusu, na kwenye hizo nusu ndiko unakozaliwa ugomvi wote wa maabara yetu, maana anayeona mbili na nusu na anayeona tatu wote wamemwangalia panya yuleyule, dakika ileile.

Mimi ni daktari wa mifugo. Nilisomea Sokoine, Morogoro, ambako shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa kifua kikuu kwenye makohozi na mabomu yaliyofukiwa ardhini. Kwa hiyo panya mwenye ajira halikuwa jambo geni kwangu. Ila huyu niliyemkuta Ujerumani nilipokuja kusoma shahada ya uzamivu ni wa namna nyingine: mdogo, mweusi, wa ukoo uitwao C57BL/6, wote wamefanana mpaka kwenye vinasaba, na ajira yake ni kuugua. Ugonjwa wenyewe tunauita EAE. Kinga ya mwili inageuka na kuushambulia ubongo na uti wa mgongo, hasa mayelini, ule utando wa mafuta unaozifunika nyuzi za neva. Tunautumia kuielewa maltipo sklerosisi, yaani MS, ugonjwa wa binadamu wa namna hiyohiyo, ambao makadirio ya 2020 yaliuhesabia wagonjwa milioni 2.8 duniani. Wengi wako Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Ukikaribia ikweta wanapungua, ndiyo maana nyumbani ukitaja MS mtu anadhani umekosea kutamka SMS.

Kitu ambacho natamani ningeambiwa siku ya kwanza ni hiki: hakuna panya anayeugua MS. Hayupo, si porini, si ghalani, si kwenye vizimba vyetu. EAE hatuiokoti mahali, tunaitengeneza. Na ugonjwa uliotengenezwa unajibu swali ulilotengenezewa tu. Ukimuuliza swali jingine, panya hatakwambia "sijui." Atakujibu vilevile, kwa namba safi na mchoro mzuri, na wewe utaondoka umefurahi.

Kuutengeneza kwenyewe ni kazi ya mikono. Unachukua peptidi, kipande kifupi cha protini ya mayelini. Sisi tunatumia kile cha protini iitwayo MOG, kuanzia asidi amino ya 35 hadi ya 55. Unakiyeyusha kwenye maji ya chumvi, halafu unakichanganya na mafuta yenye bakteria wa kifua kikuu waliouawa. Mchanganyiko huo wa mafuta ndio kichocheo cha Freund, na bila hicho kinga ya panya haishtuki. Unaunganisha mabomba mawili ya sindano ya kioo, mdomo kwa mdomo, unasukuma huku na huku mpaka viganja viume. Umekuwa tayari ukiwa mweupe na mzito kama mafuta ya mgando. Kuhakikisha, unadondosha tone kwenye bilauri ya maji: likikaa duara bila kutawanyika, twende, likisambaa, rudi ukasukume. Panya anachomwa chini ya ngozi, na siku hiyohiyo anapata sumu ya bakteria wa kifaduro, kisha tena baada ya siku mbili. Halafu unangoja. Kati ya siku ya tisa na ya kumi na nne hivi, uzito unaanza kushuka, na punde mkia nao unafuata.

Mkia mzima ukiuinua una ukaidi fulani, unajipinda kukizunguka kidole. Mkia wa namba moja unaning'inia tu.

(Kwa wenzangu mnaokuja kwenye kazi hii: ile dawa ya Freund msiichezee. Ikikuingia kidoleni kwa bahati mbaya inaleta uvimbe na kidonda kisichopona upesi, na sisi wa Afrika Mashariki tuliochanjwa BCG utotoni kinga yetu tayari inawafahamu jamaa hao wa kifua kikuu, hivyo mwili unaweza kuitikia kwa hasira zaidi. Sindano zenye kufuli shingoni, miwani, na mwenzako awepo chumbani.)

Nilidhani mapishi haya magumu yalibuniwa na mtu aliyekuwa akitafuta MS. Sivyo. Yalianzia kwenye kichaa cha mbwa. Chanjo ya Louis Pasteur ya mwaka 1885 ilitengenezwa kwa uti wa mgongo wa sungura uliokaushwa, na chanjo zilizofuata kwa miongo mingi zilitumia ubongo wa sungura, mbuzi au kondoo. Ziliokoa maisha ya wengi mno. Lakini wachache waliochanjwa walipooza, na virusi vya kichaa cha mbwa havikuhusika. Thomas Rivers na wenzake huko New York wakajiuliza kama tatizo ni ule ubongo wenyewe uliomo ndani ya chanjo. Mwaka 1933 waliripoti kwamba kima waliochomwa dondoo za ubongo wa sungura mara kwa mara, kwa miezi, baadhi yao walilegea viungo, na ndani ya ubongo mayelini ilikuwa imeliwa. Mwaka 1947 Elvin Kabat na, kwa kazi yake mwenyewe, Isabel Morgan waliongeza kichocheo cha Freund, na kilichokuwa kikichukua miezi kikachukua wiki chache. Mwaka 1960 Philip Paterson akahamisha seli za tezi za limfu, ambamo kinga hukaa, kutoka panya mgonjwa kwenda kwa panya mzima, na mzima akaugua. Mwaka 1981 Ben-Nun, Wekerle na Cohen wakaonyesha kwamba seli T, aina moja ya seli za kinga, zilizokuzwa kwenye chupa, zikiitambua protini moja tu ya mayelini, zinatosha kumwangusha panya.

Nisije nikamtisha mtu. Chanjo za kisasa za kichaa cha mbwa zinakuzwa kwenye seli za maabara na hazina ubongo wa mnyama ndani yake. Ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi, kimbia ukachanjwe. Nimeona ng'ombe mwenye kichaa, na sitaki kusimulia.

Turudi chini, kwenye chumba cha panya. Niliyoyajifunza mengi yako humo, na mengi nimefundishwa na mtunza wanyama wetu, mama mmoja wa Bukavu aliyeko Ujerumani tangu mimi nikiwa mtoto. Namwita mama, yeye ananiita dokta, na Kiswahili chetu kinapishana kidogo lakini tunaelewana kuliko ninavyoelewana na barua za ofisi ya uhamiaji. Ndiye aliyenionyesha kwamba panya wa namba tatu hafikii chakula. Chakula kiko juu, kwenye wavu wa kizimba, na mnyama asiye na miguu ya nyuma hawezi kusimama kukifuata. Kwa hiyo chakula kinalowekwa maji na kuwekwa sakafuni, chupa ya maji inabadilishwa, inawekwa yenye mrija mrefu. Usipofanya hivyo uzito utashuka kwa njaa na kiu, na wewe utaandika daftarini kwamba ugonjwa ni mkali.

"Dokta, huyu hajakojoa," aliniambia asubuhi moja, amemshika panya tumbo juu kwenye kiganja.

"Umejuaje, mama?"

"Gusa hapa."

Nikagusa. Chini ya tumbo kulikuwa na kitu kigumu, cha duara, ukubwa wa punje ya njegere. Kibofu kilichojaa. Neva zinazokifungua zinapita kwenye uti wa mgongo uleule tuliouchokoza, na watu wenye MS nao wengi wana shida hiyohiyo ya mkojo, ingawa hutaiona kwenye jedwali letu la sifuri hadi tano. Akabonyeza taratibu kwa vidole viwili, mkojo ukatoka kwenye karatasi, akamrudisha. Kazi hiyo inafanywa kila siku kwa kila aliyepooza, sikukuu na Jumapili. Nimesoma makala nyingi za EAE, na ni chache zinazoeleza nani alikuwa akiwakamua panya mkojo. Lakini panya mwenye kibofu kilichojaa anapata maambukizi, anadhoofika, anakufa, na kifo chake kinaingia kwenye hesabu ya dawa.

Chumba chenyewe ni sehemu ya ugonjwa. Mwaka 1993 Joan Goverman na wenzake walieleza panya waliobadilishwa vinasaba ili seli T zao nyingi ziitambue mayelini. Kwenye vizimba vya kawaida wengine waliugua wenyewe bila kuchomwa kitu. Kwenye vizimba visafi visivyo na vijidudu vya maradhi hawakuugua. Mwaka 2011 kundi la Wekerle kule Martinsried, karibu na Munich, lilikwenda mbali zaidi: panya wao wa aina hiyo waliokuzwa bila bakteria yoyote tumboni walibaki wazima, na walipopewa bakteria wa utumbo wa kawaida wakaanza kupooza. Kwa hiyo mtu akiniambia matokeo yake hayalingani na ya maabara ya jirani, siku hizi sikimbilii kumshuku. Nauliza kwanza wanakula nini, wametoka kwa mfugaji gani, na ukuta wa pili unabomolewa au haubomolewi. Kuna hata utafiti wa Canada wa 2014 ulioonyesha kwamba harufu ya mwanaume, au fulana aliyoivaa tu, inawapa panya msongo kiasi cha kuficha maumivu yao. Mama wa Bukavu nilipomsimulia alicheka sana, akasema yeye alishajua.

Kisha kuna suala la ukoo wa panya, na hapa ndipo wanafunzi wapya wanaponisumbua kwa maswali, vizuri tu. Mweusi wetu wa C57BL/6 akichomwa MOG anapooza na kubaki na ulemavu. Haugui na kupona na kuugua tena kama wagonjwa wengi wa MS wanavyoanza. Ukitaka hiyo hali ya kupanda na kushuka, mchukue SJL, umchome peptidi ya protini nyingine iitwayo PLP. Ukimchukua panya mkubwa, spishi nyingine kabisa, wa ukoo wa Lewis, ataugua kwa kishindo kisha atapona mwenyewe, bila dawa, bila dua. Sasa fikiria umempa dawa yako siku alipofika kileleni. Kesho yake nafuu. Kesho kutwa anatembea. Bila kundi la kulinganisha, maji ya bomba nayo yatakuwa dawa.

Tena hata ukiwa na kundi la kulinganisha, angalia siku ya dozi. Dawa nyingi zilizong'ara kwa panya zilitolewa siku ileile ya kuchomwa, kabla mnyama hajaumwa. Binadamu haji hospitali siku kumi kabla ya kuugua. Anakuja jicho limeshapoteza nuru au mguu umeshakufa ganzi, na ubongo wake umeshachomwa makovu ya miaka. Na hao weusi wetu madhara yao yako zaidi kwenye uti wa mgongo, wakati MS inaanza na kumaliza mambo mengi ubongoni. Ndiyo maana jedwali letu linapima miguu na mkia, halipimi uchovu, kusahau wala huzuni, vitu ambavyo wagonjwa wenyewe hulalamikia kila kukicha.

Je, basi panya hawa hawana faida? Wapo wanaosema hivyo, na mimi sikubaliani nao hata kidogo. Mwaka 1992 Ted Yednock na wenzake walizuia EAE kwa panya kwa kingamwili iliyoziba kishikizo kimoja ambacho seli za kinga hukitumia kujibandika kwenye mishipa ya damu ili zipenye kuingia ubongoni. Kutoka hapo ilizaliwa natalizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004, moja ya dawa zenye nguvu zaidi za MS. Swali lilikuwa "seli zinaingiaje?" na panya alikuwa chombo sahihi cha kulijibu. Ila miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 2005, dawa ikaondolewa sokoni: baadhi ya wagonjwa walipata maambukizi mabaya ya ubongo kutokana na kirusi cha JC, ambacho huishi kimya ndani ya watu wengi na huamka ulinzi unapoondoka. Ilirudi mwaka 2006 kwa masharti makali. Panya asingeweza kulionya hilo. Kirusi hicho ni cha binadamu, yeye hana.

Glatirameri nayo ina kisa kitamu. Michael Sela, Ruth Arnon na Dvora Teitelbaum katika Taasisi ya Weizmann, Israeli, walitengeneza minyororo ya asidi amino inayofanana na protini ya mayelini, wakitarajia italeta EAE. Haikuleta. Ikaizuia. Wakaripoti mwaka 1971, na robo karne baadaye, 1996, ikaidhinishwa Marekani kuwa dawa ya MS.

Upande wa pili wa daftari unauma. Kuzuia TNF, kemikali ya uvimbe, kuliwanufaisha panya wa EAE. Dawa ya namna hiyo iitwayo leneseptu ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa MS, matokeo ya 1999 yalionyesha mashambulizi yameongezeka. Interferoni gama, kemikali nyingine ya kinga, ilikwenda kinyumenyume: wagonjwa waliopewa katika jaribio la 1987 walizidiwa, lakini panya wasio nayo kabisa ndio wanaougua vibaya zaidi. Ustekinumabu, inayozima aina mbili za interleukini, kemikali ambazo seli za kinga hutumiana kama ujumbe, ambazo moja yake panya walituapia ndiyo mzizi wa fitina, haikuwasaidia wagonjwa wa MS katika jaribio la 2008.

Linaloniliza mimi zaidi ni la seli B, aina nyingine ya seli za kinga. EAE yetu ya peptidi ya MOG haizihitaji. Ukiziondoa mapema panya anaugua tu, pengine zaidi. Kwa miaka mingi MS ikasimuliwa kama habari ya seli T peke yake. Kisha mwaka 2008 rituksimabu, inayofagia seli B, ikapunguza mashambulizi kwa wagonjwa waziwazi, na mwaka 2017 okrelizumabu ikaidhinishwa hata kwa aina ya MS inayosonga polepole bila kupumzika, ambayo kabla yake haikuwa na dawa iliyopitishwa Marekani. Panya hakudanganya. Tulimtengeneza kwa peptidi fupi ambayo seli B hazina kazi kubwa nayo, tukamuuliza seli B zina kazi gani, akajibu ipasavyo. Ukimchoma protini nzima ya MOG ya binadamu badala ya kipande, jibu linabadilika.

Na chanzo cha MS chenyewe, hapo panya wetu amefungwa mdomo kabisa. Utafiti wa 2022 uliopitia kumbukumbu za wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10 ulikuta kwamba hatari ya MS ilipanda mara 32 baada ya kuambukizwa kirusi cha Epstein-Barr. Kirusi hicho hakimwambukizi panya. Kwa hiyo hadithi tunayomsimulia panya inaanzia katikati.

Mama yangu mzazi hajali habari za seli. Yeye huuliza moja kwa moja. "Baba, hao viumbe wa Mungu mnawatesa?" Namwambia ndiyo, wanaumia. Namwambia kuna kibali cha serikali kinachoeleza idadi yao na mwisho wao, kwamba panya akipoteza asilimia 20 ya uzito tunamlaza usingizi wa mwisho kabla hajafika namba tano, kwamba kila jaribio lililopangwa ovyo ni panya waliopooza bure. Hilo la mwisho ndilo linalonikosesha usingizi. Kanuni tatu walizoziandika Russell na Burch mwaka 1959, yaani badilisha, punguza, boresha, zinabandikwa ukutani kila maabara. Jaribio lenye wanyama wachache mno kiasi cha kutothibitisha kitu linaonekana limepunguza, kumbe limewapoteza wote. Ndiyo maana anayetoa namba chumbani kwetu hajui panya yupi amepata dawa, na hata mimi nikiwa na haraka sikubali kuambiwa.

Siku hizi nimehamia ugonjwa wa jirani, neuromayelitisi optika, unaoshambulia mishipa ya macho na uti wa mgongo. Huu nauona una deni kwetu, maana kwa uwiano unawapata zaidi watu wenye asili ya Afrika na Asia, na kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa sura ya MS tu. Mwaka 2004 kundi la Vanda Lennon wa Mayo Clinic liliripoti kingamwili inayoutambulisha, na mwaka uliofuata ikajulikana inashambulia mlango wa maji wa seli uitwao akwaporini-4. Mwaka 2009 makundi zaidi ya moja yalimhamishia panya kingamwili kutoka kwa wagonjwa. Angalia tofauti: hapa tunachokiingiza si mapishi yetu, ni kile kinachomuumiza mgonjwa mwenyewe. Hata hivyo haitoshi kumchoma tu. Lazima seli T zitangulie kufungua njia ya kuingia ubongoni, na panya mdogo hafai vizuri kwa sababu komplimenti yake, zile protini za damu zinazotoboa seli, haiitikii kingamwili za binadamu, mpaka umwongezee komplimenti ya binadamu. Panya mkubwa ana yake inayofanya kazi. Wiki nzima ya mabishano yetu iliishia hapo: tukaagiza panya wakubwa.

Rafiki yangu tuliyesoma naye sekondari, sasa ni daktari wa watu Dar es Salaam, alinipigia juzi. Ana mgonjwa, dada wa miaka thelathini na kitu, jicho la kulia limefifia, miguu mizito.

"Kaka, huko kwenye panya wenu, interferoni beta inasemaje?"

Nikamwambia mimi ni wa panya na ng'ombe, watu siwaandikii dawa. Lakini kwa wagonjwa wenye kingamwili ya akwaporini, si kwa panya, dawa hiyo ya MS imeshaonekana inaweza kuzidisha mashambulizi, na natalizumabu vilevile.

"Ndicho nilichotaka kusikia," akasema. "Damu imeshatumwa. Nampa steroidi sasa, hizo nyingine zingoje majibu."